Cheti Kipo, Rangi Hakuna: Wasomi wa Sanaa Walioishia Kushika Chaki

Vuta picha. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama mtu mzima, umri wa kuitwa bibi, kakaa na mkasi na gundi. Mbele yake kuna takataka, au ndivyo wewe ungeziita: karatasi za sabuni ya Rexona, pakiti za mafuta ya kupikia ya Cowboy, vitu ambavyo kwenye nyumba nyingi vina safari moja tu, jalalani. Yeye anazikata vipande vidogo vidogo, anachambua rangi hii huku na ile kule, halafu anabandika kimoja kimoja. Ukisimama mbali unaona wanyama na watu wa kijijini. Ukisogea karibu unaanza kusoma herufi za sabuni.

Usije ukadhani ni bibi aliyestaafu anayetafuta cha kupotezea muda. Huyo mama alikuwa msomi wa sanaa. Tena siyo msomi wa kawaida, ndiye mwanamke wa kwanza kabisa kusoma kwenye shule ya sanaa ya Makerere, Uganda. Aliingia 1950, akamaliza 1952, enzi zile ambazo Makerere ndiyo Makerere, chuo kikuu pekee kwa Afrika Mashariki nzima. Jina lake Rosemary Karuga.

Sasa piga hesabu. Chuoni alikaa miaka 2 hivi. Kutoka siku anaaga chuo mpaka siku anashika ule mkasi ilipita zaidi ya miaka 30. Muda wote huo alikuwa wapi? Darasani, kwao Kenya, anafundisha watoto wa wenzake huku analea wa kwake. Alipostaafu, binti yake ndiye aliyemsukuma arudi kwenye sanaa. Akarudi. Kikwazo kikawa kilekile cha siku zote: rangi ni hela, na hela yenyewe haikuwepo. Hapo ndipo pakiti za sabuni zilipoingia. Leo watu wa mitandaoni wangesema ni ubunifu wa kutumia taka, na hashtagi wangeweka. Kwake yeye ilianza na kukosa, ubunifu ukafuata nyuma.

Kisa cha huyu mama kinajulikana kwa sababu kiliishia pazuri, na huko mbele utaona kiliishiaje. Lakini ishu yenyewe iko kwa wale wengine. Wale waliotoka kwenye majengo yaleyale, na kipaji kilekile, wakashika chaki mpaka wakastaafu, halafu hakukuwa na binti wa kuwasukuma.

KIBARAZA CHA MULAGO

Stori inaanzia kwenye kibaraza. Mwaka 1937, Kampala, mtaa wa Mulago palipo na hospitali. Mama wa Kiingereza anayeitwa Margaret Trowell, mke wa daktari wa hapo, ambaye mwenyewe alisomea sanaa Slade kule London, anaanza kufundisha kundi dogo kuchora na kuchonga. Hakuna jengo, hakuna bodi ya chuo, ni kibaraza cha nyumba. Baadaye darasa likahamia Makerere, likakua, na mpaka leo shule hiyo inaitwa kwa jina lake.

Trowell ana wanaomsifu na wanaomsema. Wanaomsema wanadai aliwabania wanafunzi wasiangalie sana kazi za Ulaya, akitaka wachore kutoka kwenye hadithi na kumbukumbu za kwao, kama vile Mwafrika akiona picha ya Mtaliano ataharibika. Hoja hiyo ina uzito wake. Ila kuna kitu kimoja alikielewa mapema kuliko walimu wengi wa sanaa wa leo: kazi ya mwanafunzi isipotoka nje ya darasa, ni kama haipo. Mwaka 1939, miaka 2 tu tangu kile kibaraza kianze, kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimetundikwa London, Imperial Institute. Wanafunzi wa miaka 2! Leo hii kuna watu wanamaliza chuo na kazi zao zote ziko chini ya kitanda.

Tatizo likaja pale mwanafunzi anapoacha kuwa mwanafunzi. Maana shule inakupa meza, inakupa brashi, inakupa udongo wa kufinyangia, inakupa wenzako wa kubishana nao usiku, na inakupa mtu mmoja ambaye kila wiki anasimama nyuma yako kuangalia umefanya nini. Siku unapewa cheti, vyote hivyo vinabaki kule. Unarudi kwenu na karatasi.

Na kwenu kulikuwaje miaka ya 1950? Rangi za mafuta zinatoka Ulaya kwa meli, bei yake mwalimu wa shule ya kijijini haiwezi. Wanunuzi wa picha ni wazungu wachache wa mjini, na wengi wao wanataka picha ya simba na jua linazama, siyo picha ya harusi ya kwenu. Ukumbi wa kutundika kazi za Mwafrika, tafuta mpaka uchoke. Serikali ya mkoloni nayo ilitaka walimu, mwalimu ana mshahara, mwalimu ana heshima, mwalimu anaposwa na anaoa. Nani angekataa? Mzazi ameuza ng'ombe, wewe unamwambia unataka kukaa nyumbani unachora?

Kwa hiyo wengi wakaenda kufundisha. Si kwamba ualimu ni kazi mbaya. Ila ualimu unakula vitu vilevile ambavyo sanaa inavihitaji: muda wako, macho yako, na ule utulivu wa asubuhi. Mwaka wa kwanza bado unachora wikiendi. Mwaka wa tatu unachora likizo. Mwaka wa saba unachora ramani ya Afrika ubaoni, na jirani akifungua duka unamchorea bango. Hakuna siku mtu anaamka na kutangaza kwamba ameacha sanaa. Unastuka tu brashi zimekauka.

WALIODAKWA

Wapo waliodakwa kabla hawajafika chini. Gregory Maloba, Mkenya, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Trowell. Alibaki pale pale Makerere akawa mwalimu wa uchongaji, yaani hakuwahi kuondoka kwenye meza na udongo. Matokeo yake ukiwa Kampala unayaona: ile sanamu ya Uhuru, mama kafungwa kamba anamwinua mtoto juu, ni mkono wake, mwaka 1962.

Mwingine ni wa kwetu kabisa, Sam Ntiro, Mchaga wa Machame. Alisoma Makerere miaka ya 1940, akaenda Slade kusoma zaidi, akarudi kufundisha. Picha zake ni Machame tupu: migomba, watu wako shambani, watu wanajenga, watu wako kwenye sherehe. Mwaka 1956 alichora wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa na MoMA ya New York mwaka 1960. Soma tena hiyo tarehe. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, na mbege ya Machame ilikuwa tayari imeingia kwenye jumba la sanaa kubwa la Marekani. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru, na huyo huyo mchoraji akapelekwa London kuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni. Mtoto wa mjini wa leo anayechora hata hajawahi kusikia jina lake, na hilo halisababishwi na mtoto wa mjini.

Lakini cha Ntiro kinachogusa zaidi siyo New York. Ni dereva.

Pale Makerere kulikuwa na kijana kutoka magharibi ya Uganda, shule hana, kazi yake kumwendesha mwalimu mmoja wa fasihi. Akiwa hana kazi anachora. Bosi wake siku moja akaziona zile picha, na badala ya kusema "nzuri" halafu akapanda gari, akampeleka kwa Ntiro. Ntiro akamchukua akawa anamwelekeza, pembeni, nje ya mtaala, bila ada wala fomu ya kujiunga. Kijana huyo ni Jak Katarikawe. Alihamia Nairobi, akawa mmoja wa wachoraji waliouzwa na kuzungumzwa zaidi Afrika Mashariki, mpaka alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake wanaopendana kama binadamu wametundikwa kwenye kuta za watu duniani kote.

Hapo kuna somo la ajabu kidogo. Dereva asiye na cheti alitoboa, na wenye vyeti kibao wakapotea. Kilichomtofautisha na wao ni kitu kimoja: alipata mtu wa kumshika mkono na mahali pa kuuzia. Wao walipata cheti na barua ya kupangiwa shule.

PAA YA PAA

Sasa aje mtu aliyeliona tatizo hili na kusema hapana, haiwezekani. Naye ni Mchaga, wa Marangu. Elimo Njau, kazaliwa 1932, mhitimu wa Makerere miaka ya 1950. Jina lake lilianza kusikika mwaka 1959 alipochora michoro mitano mikubwa ukutani kwenye kanisa la Murang'a, Kenya. Maisha ya Yesu, lakini Yesu yuko kwenye milima ya Wakikuyu, watu ni Waafrika, mazingira ni ya kwao. Kumbuka ni kipindi gani. Damu ya vita vya Mau Mau ilikuwa bado haijakauka, na kanisa lenyewe lilijengwa kama kumbukumbu ya waumini waliouawa.

Njau angeweza kukaa hapo akala sifa. Akaangalia nyuma, akawaona wenzake. Miaka ya 1960 alifungua galari kwao Kilimanjaro akaiita Kibo. Yaani ukumbi wa picha kijijini, kwenye migomba na kahawa. Hebu fikiria: watu mpaka leo wanabishana kama Dar ina soko la sanaa, huyu aliamini Marangu ina watazamaji. Nairobi nako alifanya kazi Chemchemi, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa 1963 na mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, Ezekiel Mphahlele. Chemchemi haikudumu. Mwaka 1965 Njau na wenzake kadhaa, baadhi yao waandishi, wakafungua cha kwao katikati ya jiji, Koinange Street. Wakakiita Paa ya Paa.

Jina lenyewe tu burudani. Paa ni yule mnyama mdogo wa porini, jamaa wa swala. Paa pia ni kupaa, kwenda juu. Wenyewe walimaanisha mnyama anayepaa, sanaa inayoinuka. Mswahili wa pwani atakuja na sarufi yake aseme ilitakiwa iwe "paa apaa", aachwe tu, bara ndivyo walivyosema. Na kama unataka, ongeza maana ya tatu: paa la nyumba. Kwa sababu hicho ndicho wahitimu walichokuwa wanakikosa.

Kilikuwa kinafanyika nini pale? Kwanza, kutundika. Msanii Mwafrika alikuwa na ukuta ambao ni wa Mwafrika mwenzake, hahitaji kumchorea mtalii simba. Pili, kukaa. Watu walikuja kufanya kazi hapo hapo, wengine kama wasanii wakaazi, wakapewa sehemu, wakaachiwa muda. Tatu, na hili ndilo watu hulidharau, kubishana. Washairi, waigizaji, wachoraji, wachongaji, wote sehemu moja. Ile hali ya bwenini Makerere, ya kusomewa shairi saa 6 usiku na kuambiwa picha yako mbovu na mtu anayekupenda, iliendelea. Njau alikuwa na msimamo mkali mmoja ambao kila aliyefika aliusikia: usiige. Kwake yeye kuiga kulikuwa kama kumlaza Mungu usingizi. Kwa msanii aliyetoka kukopi kazi za watalii ili ale, hayo maneno yanauma.

Hela ilikuwa shida toka siku ya kwanza. Sehemu ya namna hii haiuzi kiasi cha kulipa kodi ya mjini, na baadaye walihamia pembeni ya jiji, Ridgeways, njia ya Kiambu, penye miti na nafasi. Njau akiwa na mkewe Phillda, Mmarekani mweusi aliyekuja Kenya akabaki, waliiendesha kwa mikono yao. Hakukuwa na wizara nyuma yao inayowabeba. Miaka ikaenda, wageni wakapungua, wakarudi, wakapungua.

Mwaka 1997 pakawaka moto. Sehemu kubwa ya galari iliungua, na picha ndani yake. Kazi za miaka zaidi ya 30, nyingine zilikuwa za watu ambao hawakuwa na nakala popote, kwa sababu nani alikuwa na hela ya kupiga picha kila mchoro? Wasanii ambao ushahidi wao pekee kwamba waliwahi kuwa wasanii ulikuwa unaning'inia kwenye ukuta ule, wakafutika usiku mmoja. Mzee na mkewe hawakuondoka. Walibaki kwenye kiwanja kilekile, kati ya yaliyobaki, wakaanza tena kidogo kidogo.

MAMA ANARUDI

Sasa rudi kwa mama wa mkasi. Miaka 10 hivi kabla ya moto huo, bado yuko na pakiti zake. Mahali palipomfungulia mlango ni Paa ya Paa. Akawa msanii mkaazi pale. Angalia jinsi mambo yanavyokaa: wote wawili ni wa Makerere, yeye alimaliza 1952, Njau ni wa miaka hiyo hiyo ya 1950. Mmoja alipotelea darasani, mwingine alijenga nyumba, na mlango wa nyumba hiyo bado ulikuwa wazi siku yule mwingine alipokuja kubisha hodi akiwa na umri wa karibu miaka 60.

Kilichofuata kilikwenda haraka mno kwa mtu aliyesubiri kiasi kile. Mwaka 1990, Studio Museum ya Harlem, New York, ilifanya maonyesho makubwa ya wasanii wa kisasa wa Afrika. Walikuwepo watu kama El Anatsui wa Ghana na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, majina ambayo leo ukiyataja mnadani watu wanakaa sawa. Mwanamke kwenye orodha ile alikuwa mmoja tu. Mwalimu mstaafu kutoka Kenya, na picha zake za karatasi za sabuni.

Alikuwa ameshapita miaka 60.

Watu wakisimulia hapa huwa wanapiga makofi, na anastahili. Ila makofi yakiisha, kaa na hesabu ile ile. Kama kazi yake ilikuwa na uzito wa Harlem akiwa ameshapita miaka 60, alipokuwa na 30 na kitu je? Picha za miaka ile hazipo. Hazikuungua, hazikuchorwa kabisa. Rosemary Karuga alifariki mwaka 2021 huko Ireland alikokuwa amehamia karibu na familia, akiwa na umri wa miaka 92, na dunia inamjua kwa kazi alizofanya uzeeni tu.

NA BONGO?

Bongo nayo ilikuwa na paa lake. Mwaka 1972 Dar es Salaam ilianzishwa Nyumba ya Sanaa. Aliyeisukuma ni Sister Jean Pruitt, mtawa Mmarekani wa Maryknoll, huyu huyu ambaye baadaye alianzisha Kituo cha Dogodogo kwa watoto wa mitaani. Msanii alikuwa na sehemu ya kufanyia kazi, vifaa, na duka hapo hapo la kuuzia. Mwaka 1983 wakahamia kwenye jengo lao, kwenye kona ya mtaa wa Ohio na barabara iendayo Upanga, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akaja kulifungua. Wakubwa zenu wa mjini wanalikumbuka vizuri, wengine walipelekwa pale na shule.

Mtu maarufu zaidi kutoka pale hakuingia kama msanii. Aliingia kama mlinzi. Mmakonde kutoka kusini, umri umeshakwenda, mjomba wake anafanya kazi pale, akamtafutia mchongo wa kulinda. Alikuwa anajua kuchonga tangu kwao. Usiku analinda kazi za watu, mchana akaanza za kwake: vinyago, ngozi za mbuzi, vitambaa, baadaye rangi juu ya kila kitu, vile vijimashetani vyenye masikio makubwa na midomo ya kuvutika vinavyochekesha na kutisha kwa pamoja. George Lilanga. Ulaya, Marekani, Japani, kote amefika kwa kazi zake, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa msanii wa Tanzania anayejulikana nje kuliko karibu wote.

Linganisha na yule dereva wa Kampala. Yule alipata mwalimu wa chuo aliyekubali kuwa chuo nje ya saa za kazi. Huyu alipata nyumba ambayo mlinzi akishika brashi hafukuzwi. Hakuna kati yao aliyepitia mlango wa mbele wa shule.

Nyumba ya Sanaa haipo tena pale. Ukipita kona ile leo, macho yanakwenda juu kwenye maghorofa, na kijana wa miaka 20 ukimwambia hapa palikuwa na wachongaji anaangalia kama unamtania. Kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko kinyago, hiyo ndiyo hesabu ya mji. Kilichoondoka pale ni zaidi ya jengo, maana mafundi wale walikuwa wanashikana, huyu akiuza anamkopesha yule hela ya mbao, mkubwa anamkosoa mdogo. Ukibomoa kuta, watu wanatawanyika kila mtu na njia yake, na ile hali haihamishiki kwa lori.

Baada ya hapo kikaja cha kizazi kingine. Mwaka 2008 ilianzishwa Nafasi, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda, ghala la zamani na makontena ya meli yaliyogeuzwa studio. Msanii anapata kontena, anafunga mlango, anafanya kazi, jioni anatoka anakutana na wenzake chini ya mti. Joto la kontena mchana siyo mchezo, waulize wenyewe. Jina ni sahihi kuliko hata Paa ya Paa, kwa sababu halijifanyi kuahidi zaidi ya kilichopo. Hapo ni nafasi tu, mengine juu yako. Bagamoyo nao, wale wa ngoma, maigizo na muziki, wana tamasha lao la kila mwaka linalowarudisha wahitimu jukwaani, na ukiwa pale unaona watu waliomaliza zamani wanashuka kwenye basi na ngoma zao kama wanarudi nyumbani.

Lakini makontena yanahesabika. Wanaotoka vyuoni kila mwaka, Chuo Kikuu cha Dar, Bagamoyo, na vyuo vya ualimu vyenye somo la sanaa za ufundi, ni wengi kuliko makontena. Sehemu kubwa ya hela inayoendesha sehemu hizi, toka enzi za Chemchemi, inatoka kwa wafadhili wa nje, na mfadhili akibadilisha mawazo yake huko kwao, huku mtu anahamisha turubai. Msanii wa mwaka 2008 na wa mwaka 1965 wakikutana wangeelewana ndani ya dakika tano, na maongezi yangekuwa kuhusu kodi ya pango.

Kwa sasa mitandao imepunguza kitu kimoja kati ya vile vilivyowaua wale wa kwanza. Ukuta. Simu yako ni ukuta, huhitaji tena London wala Koinange Street ili kazi ionekane. Hilo ni kubwa, na Karuga angekuwa na simu mwaka 1960 pengine habari ingekuwa nyingine. Ila simu haikupi rangi. Haikupi meza. Laiki 3,000 hazikaushi udongo wala hazikuambii kwamba mkono wa kulia wa sanamu yako umekaa vibaya. Kuna vijana wa mjini wana wafuasi wengi na wanachorea juu ya kitanda cha ndugu, wakimsubiri aende kazini.

Na wale wa chaki? Bado wapo. Sekondari nyingi za mikoani kulikuwa na mwalimu mmoja, labda wa Historia, labda wa Biolojia, ambaye akichora moyo wa binadamu ubaoni darasa zima linanyamaza. Anamaliza dakika tatu, mishipa yote ipo, vivuli vipo, halafu kipindi kikiisha anaufuta mwenyewe kwa mkono wa shati kama vile si kitu. Watu walicheka, "mwalimu ungekuwa msanii". Hakuna aliyemuuliza alisomea wapi.

Kama ulikuwa na mwalimu wa hivyo, tupia jina lake na shule hapo chini. Na kama bado yuko hai na unajua anapoishi, muulize kama brashi zake zipo.